Jina Tulilolifuta Kwenye Gemu ya Bibi

Mabibo yakishalala chini siku mbili hutoa harufu inayoanza kwa utamu na kumalizia kwa ukali, kama juisi iliyosahaulika juani. Harufu hiyo hushika nguo, hushika nywele, hushika hadi chai ya asubuhi, na ukiwa mgeni inakuumiza kichwa. Mimi hunipa hasira. Nasema mapema ili msomaji asitegemee kumbukumbu ya kulilia. Nikiisikia tu, hata kama ni mabibo matatu yanayouzwa kwenye sahani kando ya barabara, masikio yangu hujaa sauti ya bibi yangu mzaa mama akiuliza swali lile lile: "Anasemaje?" Ulikuwa msimu wa korosho, Masaki ya Kisarawe, nami nilikuwa na miaka kumi na tatu. Nilikuwa nimemaliza mtihani wa darasa la saba na sina la kufanya zaidi ya kusubiri matokeo. Kwetu ni Sofu, Kibaha. Baba ni mtumishi wa serikali, mama anafanya kazi Dar na huondoka asubuhi mapema kila siku, kwa hiyo ningebaki peke yangu nyumbani kutwa nzima. "Utaozea humo ndani na hiyo aibu yako," mama alisema, akanifungia begi. Aibu yangu ilikuwa ya kweli. Nikitumwa dukani nilikuwa naandika kwenye karatasi ninachotaka, nampa muuzaji, natazama chini mpaka anipe. Mama aliamini kuokota korosho kutaniponya. Sijui alifikiria nini, maana korosho hazisemi.

Kwenye begi nilificha gemu ya mkononi. Baba aliinunua kwenye mtumba miaka miwili kabla, ikiwa imechanganyika na mikanda na mikoba ya kike: kitu cha kijivu, kizito kama kopo la maziwa, chenye kioo kidogo na vitufe vinne, na nyuma kina mdomo ambamo kaseti ya plastiki imechomekwa. Kaseti ilikuwa moja tu. Ndani yake kulikuwa na mchezo wa kijana anayepeleka barua katika kijiji cha milimani. Hupigi mtu risasi, hukimbizwi na mtu, unapeleka barua tu, na kila unayempelekea anaongea na wewe. Wanaongea sana. Kwa mtoto asiyeongea na watu ule mchezo ulikuwa kama kunywa maji. Kiingereza changu chote cha shule ya msingi, ukiondoa salamu na siku za wiki, nilikipata kwa wale wanakijiji na kamusi ya baba iliyopoteza jalada. Siku ya tatu ya kukaa Masaki nikaiacha gemu juani kwenye jamvi la korosho. Kioo kikaingia weusi kuanzia kona moja, ule weusi ukatambaa kama wino uliomwagika, na kufika saa kumi jioni hakikuonekana kitu ingawa muziki ulikuwa bado unalia. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mchezo ulikuwa mzima mle ndani, unaendelea, na mimi siuoni.

Mjomba Shabani ndiye aliyeniokoa, na ndiye aliyeniletea balaa. Ni kitindamimba wa Bibi, wakati huo ana miaka ishirini na nne, dereva wa bodaboda wa pale Masaki, mtu aliyejifundisha mwenyewe kila kitu kinachotumia umeme. Aliigeuzageuza ile gemu, akainusa, akasema imekufa na hakuna atakayeifufua, kwa sababu kioo cha aina ile hakitengenezwi tena popote. "Ila mashine ndiyo imekufa, mama. Gemu haijafa." Mjomba wangu huniita mama, kama wajomba wengi. Akachukua simu yake, akaniwekea programu anayoiita emuleta. Kwa ambao hawajawahi kukutana nayo: ni programu inayoifanya simu ijifanye ni ile mashine ya zamani. Unaipa faili la mchezo, nayo inalidanganya lile faili kwamba liko nyumbani kwake, na vitufe vinachorwa pale pale kwenye kioo. Kesho yake akaja na mchezo wangu. Nilipomwona yule kijana wa barua amesimama mlangoni kwake, na begi lake, nilitaka kupiga kelele. Sikupiga. Nilimuuliza tu kama kuuchukua mchezo namna ile si wizi.

Nilikuwa nauliza kweli, sikuwa namchokoza. Darasani tulikuwa tumefundishwa kwamba kunakili kazi ya mtu bila ruhusa ni kosa. Shabani alikuwa na majibu tayari, na hakuna kinachonichosha kama mtu mwenye majibu tayari. Kwanza: kaseti si tunayo? Basi mchezo ni wetu, tumeuhamisha nyumba tu. Nikamwuliza kama ameutoa kwenye kaseti yetu. Akasema hapana, ameushusha kwenye mtandao, lakini ni ule ule. Pili: dukani hauuzwi, hata ukiwa na hela utampa nani? Tatu: mbona simu yake ina muvi sitini zilizotiwa Kiswahili na nakaa naziangalia bila kumwuliza mtu? Halafu nikaona kwenye simu kuna michezo mingine thelathini ambayo kaseti zake hatujawahi hata kuziota. "Na hii je?" Akacheka. "Hiyo ni ya kuisindikiza ya kwako, isije ikajisikia mpweke." Hapo ndipo nilipojifunza kwamba ukimbana Shabani kwenye hoja anatorokea kwenye mzaha, kisha anakwambia ana abiria wa Vihingo anamsubiri.

Simu aliyoniachia ilikuwa ya kwake ya zamani, yenye ufa mmoja na chaji inayokwenda haraka. Kazi yangu ilikuwa kuokota korosho asubuhi pamoja na Bibi, kuzing'oa kwenye mabibo yake, kuzianika, na mchana jua likiwa kali tulikaa barazani kupumzika. Mapumziko yangu yalikuwa mchezo. Mapumziko ya Bibi yakawa kuniangalia nikicheza. Bibi yangu ni mwembamba, mweusi tii, ana sauti ya kuita ng'ombe ingawa hajawahi kufuga ng'ombe. Huniita mke mwenzangu, utani wetu wa siku zote, kwa sababu marehemu babu alinichumbia nikiwa na wiki moja. Alijisogeza, akavaa miwani iliyofungwa kwa uzi, akatazama. "Huyu ni nani?" Mpeleka barua. "Na huyu?" Mama mwenye kisima. "Anasemaje?" Nikamtafsiria. Mama mwenye kisima akasema jambo jingine. "Anasemaje?" Nikatafsiri. Mtu wa tatu akatokea. "Anasemaje?" Mchezo niliokuwa nimeumaliza mara nne sasa ulikwenda kwa mwendo wa konokono, nami mtu wa maneno machache niligeuzwa redio. Nikikaa kimya ananichoma ubavu kwa kidole. "Mke mwenzangu, unanificha umbea?" Siku ya nne akaninyang'anya simu ili acheze mwenyewe, na hapo ikawa mbaya zaidi, kwa sababu sasa ananifuata jikoni, ananifuata kisimani, ananifuata hadi mlango wa choo: "Samahani, mwenye duka hapa anasemaje?"

Bibi anajua kusoma. Alisoma darasa la watu wazima zamani, na herufi kubwa za Kiswahili anazisoma vizuri, kwa sauti, akizifuata kwa kidole. Kwa hiyo siku moja, mikono ikiwa imejaa utomvu wa korosho na subira imeisha, nilimwambia Shabani kwamba kama emuleta yake ina akili kiasi hicho, basi autie mchezo Kiswahili. Nilisema kwa hasira. Yeye akachukulia ni kazi. Alikuwa na laptopu kuukuu isiyofunga mfuniko. Akapata programu inayofungua faili la mchezo na kuonyesha maneno yote ya ndani yakiwa yamekaa kwenye visanduku, herufi moja kisanduku kimoja. Unaweza kufuta sentensi ukaandika nyingine, kwa sharti kwamba yako isizidi visanduku vya ile ya zamani. Ukizidisha, unakula sentensi ya mtu mwingine na mchezo unaganda. "Mimi nitaingiza," alisema, "lakini maneno uandike wewe. Kiingereza changu ni cha kuuliza abiria anashukia wapi."

Hivyo ndivyo nilivyoandika kitu changu cha kwanza. Nilichukua daftari kubwa, nikachora visanduku, na kila mchana, Bibi akinisubiri kama anayesubiri wali uive, nilikaa barazani nikitafuta Kiswahili kinachotosha. Haikutosha kutafsiri. Kiingereza husema kwa pumzi moja kitu ambacho sisi tunahitaji kukaa kitako. Palipokuwa na visanduku kumi na vinane nilikuwa nakuja na sentensi ya ishirini na sita, naikata, naifinya, mpaka maana ya kwanza imekufa na mahali pake imezaliwa nyingine. Mama mwenye kisima, kwa mfano, kwa Kiingereza alisema tu kwamba maji ni mazuri leo. Nikamfanya aseme: "Chota, usinichungulie." Mwenye duka alikuwa akimkaribisha mteja kwa adabu. Kwangu akawa: "Nunua au pisha." Nilikuwa naandika yale ambayo sikuwa na ubavu wa kumwambia mtu yeyote usoni. Kijiji kizima cha milimani kikaanza kuongea kama Masaki siku ya mnada, na mimi, niliyekuwa naandikia muuzaji karatasi, nilikuwa nacheka peke yangu barazani.

Kisha Bibi akakataa kucheza. Alifungua mchezo kwa Kiswahili, akamfikisha yule kijana kwa bikizee wa nyumba ya mwisho, akasoma, akaweka simu chini. "Mtoto huyu hana adabu." Kwa nini? "Hajaamkia." Nilimweleza kwamba mahali pale pana visanduku vitano tu, salamu ya Kiingereza ndivyo ilivyo, nami nimeweka "Habari" nikiwa nimeila herufi moja. Akasema mtoto hamwambii mzee habari. Nikamweleza visanduku. Akasema visanduku ni vya nani? Shabani akamweleza visanduku. Akasema, "Nyie wote wawili mmelelewa nyumba hii, mnataka kuniambia shikamoo haina nafasi?" Tukashindwa. Shabani alihangaika siku tatu kutafuta nafasi ya shikamoo. Mara ya kwanza shikamoo ilipita vizuri lakini marahaba ikafuta mlango wa nyumba, kijana hawezi kutoka. Mara ya pili bikizee akaitikia kabla hajaamkiwa. Mara ya tatu ikakubali, na ilikubali kwa sababu tulichukua nafasi ya jina la yule kijana, ambaye tangu siku hiyo hana jina. Bibi alicheza, akamwamkia bikizee, akaitikiwa, kisha akarudi kumwamkia tena bila sababu yoyote. "Sasa huyu amelelewa," alisema. Ilinichekesha na kunichosha kwa pamoja.

Yanayofuata si ya kujivunia. Mchezo ule ukiufungua, kabla ya kitu chochote, kinatokea kioo cheusi chenye mstari mmoja mweupe wa visanduku kumi na vitano, na kwenye mstari ule palikuwa na jina la mtu. Shabani alinionyesha kwenye laptopu. "Hapa ndipo wanapoweka jina la aliyeandika," alisema. "Sasa hivi aliyeandika ni wewe. Tuweke lako?" Nilisema hapana kwa mdomo, kwa namna ambayo mtu yeyote mwenye macho angeona ni ndiyo. Akabonyeza, jina likafutika, akaandika MWANAIDI. Vilibaki visanduku saba vitupu. Niliangalia jina langu likiwaka kwenye kioo cheusi na nikahisi moto usoni, nikakimbilia kwenye mikorosho nikaokota korosho mpaka kikapu kikajaa. Sikujiuliza lile jina lingine limekwenda wapi. Sikulisoma hata mara mbili.

Shabani hajui kuwa na kitu kizuri akakaa nacho. Wiki haikuisha, alikuwa ameurusha mchezo kwenye simu za madereva wote wa kijiweni, nao wakaurusha kwa ndugu zao. Nilimfokea, akaniambia unapungua nini? Nilikaa nikifikiri nimepungukiwa nini na kweli sikuona. Siku moja nilipita kijiweni na maji kichwani, nikasikia dereva mmoja akimwambia mwenzake aliyekuwa anashangaashangaa pikipiki yake: "Oya, nunua au pisha!" Wote wakacheka. Ilikuwa sentensi yangu. Ilikuwa imetoka kwenye daftari langu ikaingia kwenye mdomo wa mtu mzima mwenye ndevu, ambaye mimi nisingethubutu hata kumsalimia. Nilitembea na ile ndoo kama nimebeba unyoya. Kama kuna siku niliyoamua nitakuwa mwandishi ni hiyo, na nilichokuwa nakitaka duniani ni kimoja tu: kwamba anayecheka ajue ni mimi.

Januari nikarudi Sofu kuanza kidato cha kwanza. Njiani kwenda shule kuna kibanda cha kuingiza nyimbo, muvi na gemu kwenye simu na fleshi, spika mbili nje, mabango ya muvi yamebandikwa mpaka kwenye paa. Mwenyewe anaitwa Side, na kibanda anakiita Mkali wa Fleshi. Wiki ya pili ya shule, msichana wa darasa letu akaja na simu ya kaka yake, akafungua gemu ya barua ya Kiswahili, darasa likamzunguka. Moyo wangu ulikuwa unapiga kama mtu anayebisha hodi. Kioo kikawa cheusi. Mstari mweupe ukatokea: MKALI WA FLESHI. Visanduku vyote kumi na vitano, vimejaa barabara, kama vilitengenezwa kwa ajili yake. Wakafika kwa mama mwenye kisima, wakasoma, wakafa kwa kicheko. "Side ni noma," mmoja akasema. Nikaenda chooni nikalia kwa hasira, siyo kwa huzuni. Nataka hilo lieleweke.

Nilimpigia Shabani kwa simu ya mama. Jumamosi asubuhi akafika Sofu na pikipiki yake, amefunga helmeti, uso wa vita. "Leo atanitambua," alisema, "jina la mpwa wangu halifutwi na mtu wa fleshi." Akaniambia nibaki nyuma kidogo, yeye ataongea. Nikabaki nyuma. Nikamwona anaingia kibandani, mabega juu. Nikasikia sauti zimepanda. Nikasikia zimeshuka. Nikasubiri. Nilipochungulia, mjomba wangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, anatafuna karanga za Side, wote wawili wameinamia kompyuta, Side anamwonyesha jinsi ya kuingiza mstari mrefu bila mchezo kuganda. Shabani akageuka, macho yanang'aa. "Mama, huyu jamaa ni fundi! Njoo uone!" Sijawahi kutamani kumpiga mtu mzima kama siku ile. Nilielewa kwamba hakuna mtu atakayelisemea jina langu. Nikaingia.

"Shikamoo," nilisema.

"Dah, unanizeesha, sista. Marahaba." Side alikuwa kijana tu, labda umri wa Shabani, kofia kageuza nyuma. "Ndiye huyu mwenyewe Mwanaidi? Mimi nilidhani ni jimama fulani! Aisee una maneno makali. Yule mama wa kisimani kanivunja mbavu."

"Kwa nini umefuta jina langu?"

Nadhani ndiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani kumuuliza mtu nisiyemjua swali. Hakukasirika. Alifuta mikono kwenye suruali akaniambia kwamba wateja wakija wanauliza nani kaitia Kiswahili, na akisema Mwanaidi watamtafuta wapi? Yeye wanamjua. Akanionyesha muvi ukutani: kila aliyezitia Kiswahili kaweka jina lake, tena anajitaja katikati ya muvi, watu wanapigana yeye anajitaja.

"Lakini wewe hukuandika," nikasema.

"Kweli sikuandika. Na wewe gemu uliichora?"

"Sikuichora. Maneno ndiyo yangu."

"Sawa, maneno. Pale ulipoweka Mwanaidi, ulikuta patupu?"

Shabani aliacha kutafuna. Nilitaka kudanganya na nikashindwa, kwa sababu mtu asiyezoea kuongea hajui hata kudanganya. Nikasema hapakuwa patupu, palikuwa na jina. Side akauliza, la nani? Nikafungua mdomo nilitaje. Halikuwepo. Nilikumbuka kioo, nikakumbuka mstari, nikakumbuka furaha yangu, lakini la yule mtu, hata herufi yake ya kwanza, sikuwa nayo. Nikamtazama Shabani, akatazama mnyororo wa pikipiki yake nje. "Sikumbuki," nikasema. Nilitegemea Side atacheka, na angecheka ningemchukia na mambo yangekuwa rahisi. Hakucheka. Alisema taratibu, kama anayenirudishia chenji, "Mimi la kwako nililikumbuka, sista. Umeingia hapa nimekutaja."

Tulirudi nyumbani. Nilimlazimisha Shabani aushushe ule mchezo upya, wa Kiingereza, haujaguswa, na nikausoma ule mstari kwa kidole kama Bibi. Ni jina la mtu mmoja, maneno mawili. Silitaji hapa kwa sababu sijamwomba ruhusa, na safari hii nimeona nianze na ruhusa. Nililiandika kwenye jalada la daftari. Shabani akalirudisha mahali pake kwenye mchezo wetu wa Kiswahili, na langu halikupata pa kukaa, wala sikulitafutia. Nakala hiyo iko kwenye simu moja tu duniani, ile yenye ufa, ambayo sasa ni ya Bibi. Ya Side iko kila mahali. Nimeikuta Mlandizi, nimeikuta Kisarawe mjini, nimeikuta kwa binti wa mwalimu wangu.

Sasa niko kidato cha nne na watu bado wananichosha kwa majibu yao tayari, safari hii kutoka pande zote. Mwalimu wetu wa kompyuta anasema emuleta ni ya wezi, nukta, na yeye huyo huyo anafundishia kwa programu aliyoingiziwa na fundi wa mtaani. Shabani anasema kila kitu ni cha wote, na bado ananirushia michezo iliyotoka mwaka jana, inayouzwa, ambayo waliotengeneza wanakula kwayo. Ile siigusi, na ananiita hakimu. Mimi sina upande wenye raha. Najua kwamba bila emuleta ule mchezo ungebaki muziki nyuma ya kioo cheusi, na Bibi asingekuwa amesoma kitu chochote kirefu kuliko bahasha ya dawa tangu alipomaliza darasa la watu wazima. Kulinda kitu kisife naona ni kazi ya halali, hata kama mwenyewe hajatutuma. Lakini tulifanya zaidi ya kulinda. Tuliingia nyumba ya mtu aliyesafiri, tukaitunza, tukafagia, tukapanda maua, na kisha tukang'oa kibao cha jina lake mlangoni. Nikiwa na miaka kumi na tatu nilikasirikia kibao changu kung'olewa. Hasira hiyo ninayo bado, ila imebadilisha anwani mara nyingi mno hata sijui imelala wapi.

Na Bibi hajaacha. Kila nikienda Masaki anafungua mchezo, kioo kinakuwa cheusi, anasoma lile jina kwa sauti, vibaya, na anaanza. Huyu ni nani? Aliyeandika mwanzo, Bibi. Anaishi wapi? Sijui. Ana watoto? Sijui, Bibi. Anajua kwamba namchezea kitu chake? Hajui. "Mke mwenzangu, miaka yote hii mtu hamjamwambia?" Ili anyamaze, nilitafuta. Kampuni iliyoutoa mchezo ilikufa zamani, lakini kuna mtu mzee mwenye jina hilo, mahali mbali, mwenye anwani ya barua pepe. Nimemwandikia kwa Kiingereza changu, nikarekebisha mara tisa. Nimemweleza kisima, duka, shikamoo, na kioo cheusi. Nimemwomba ruhusa. Barua imekaa kwenye rasimu tangu Machi, kwa sababu ukimwomba mtu ruhusa umempa na nafasi ya kukataa, na akikataa nitalazimika kwenda Masaki, kuichukua ile simu mkononi mwa Bibi, na kufuta.

Wiki iliyopita Bibi alinipigia, akapita salamu haraka haraka, akauliza kama yule mtu amejibu. Nikasema bado. Akauliza tena: "Umemwamkia vizuri lakini?"